Mapera ya Walburga

Neno lililomponza Pankrasi Ngonyani ni kuzuia. Wala si neno gumu. Mtoto wa darasa la pili analijua, polisi analitumia barabarani, kipa analitumia golini. Lakini siku ile katika ukumbi wa ofisi ya kata, Bombambili, lilitoka mdomoni mwa msemaji likiwa na maana moja, likamwingia Pankrasi sikioni likiwa na maana nyingine, na aliyekuja kulipia tofauti hiyo ni mke wake.

Aliyekuwa akizungumza ni Nasma, afisa lishe, binti wa Tanga aliyehamishiwa Songea mwaka ule, hana ndugu hata mmoja kusini kote. Alikuwa amepanga matunda mezani: papai, zambarau, masuku ya msituni, na mapera aliyoyapasua ili watu waone wekundu wa ndani. Sauti yake ilikuwa laini mno kwa ukumbi wa bati, na akina mama wa mbele walikuwa wakinyamazisha watoto ili wamsikie.

"Rangi mnayoiona humu si pambo," alisema, akinyanyua kipande cha pera. "Mti hauwezi kukimbia jua, wala hauna mkono wa kumpigia mdudu. Kwa hiyo unatengeneza kemikali zake wenyewe za kujilinda, na nyingine ndizo zinazoleta hii rangi. Wataalamu bado wanazichunguza. Wanachokiona ni kwamba watu wanaokula matunda na mboga kwa wingi, miaka nenda miaka rudi, hatari yao ya kupata baadhi ya saratani inapungua. Kwa kifupi, mama zangu na baba zangu, matunda yanasaidia kuzuia saratani."

Kwa kifupi! Laiti angeendelea kusema kwa kirefu. Lakini soda zilikuwa zinapata joto na mwenyekiti alikuwa ameshaangalia saa.

Pankrasi alikuwa amekaa nyuma kabisa. Tuseme ukweli, alikuwa amefuata soda. Miaka ile ya tisini semina zilikuwa nyingi na kila semina ilikuwa na soda, na mtu aliyepunguzwa kazini hachagui mkutano. Aliposikia neno saratani aliweka chupa chini. Wiki iliyotangulia daktari hospitalini alikuwa ameligusa titi la kushoto la mke wake, Walburga, akaukuta uvimbe. Akawaambia wote wawili, mmoja akiwa kitandani na mwingine kasimama mlangoni, waende Dar es Salaam, hospitali ya saratani ya Ocean Road, mapema, wala wasingoje. Walirudi nyumbani bila kusemezana, na hawakumwambia mtu.

Akanyoosha mkono. "Samahani, binti. Hayo matunda, hiyo saratani yanaizuia kweli?"

"Yanasaidia kuizuia, baba."

"Hata zile za... za akina mama?"

Ukumbi ukacheka. Kijana mmoja akasema, "Mzee anataka kujua mambo ya akina mama!" Pankrasi akahisi masikio yanawaka. Nasma peke yake hakucheka. Alifurahi kwamba angalau mtu mmoja ameuliza swali.

"Hata za akina mama, baba," alimjibu.

Lilibaki swali moja tu: je, kama imeshaingia? Lilimfika Pankrasi kooni, akalimeza. Mwanamume mwenye mvi angesimamaje mbele ya kata nzima kutaja titi la mkewe? Mkutano ulipokwisha alisogea mezani, akaomba vipande vya mapera vilivyobaki, akavifunga kwenye leso akaenda navyo nyumbani.

*

Tangu siku ile Pankrasi akawa mtu mwingine. Alikuwa mpima mizani katika ghala la tumbaku la ushirika, kazi aliyoifanya mpaka nywele zikageuka rangi. Kisha biashara ikafunguliwa, wanunuzi binafsi wakaja na magari yao na mizani yao, ushirika ukayumba, ghala likafungwa kufuli, naye akaambiwa ahsante. Tangu hapo alikuwa akishinda barazani kutazama baiskeli za wenzake zikienda kazini. Sasa aliamka kabla ya jogoo. Alitia upepo baiskeli yake huku akipiga mluzi, akashika barabara ya kwenda Hanga, akaiacha njiani na kuingia msituni kuokota masuku. Masuku yalipokwisha alitafuta zambarau. Zambarau zilipokwisha, mapera yakaanza kuiva kwa wingi, na mapera Songea hayana mwenye choyo.

"Kula, mama Jane," alisema, akimwekea sahani mapajani.

"Nimeshiba."

"Hili moja tu. Tazama ndani lilivyo jekundu. Hii rangi ndiyo yenyewe."

Walburga alikula. Alikula asubuhi kabla ya chai, akala mchana juu ya ugali, akala jioni. Binti yao Jane alikuwa ameolewa mbali, Mbeya, na kwake walikuwa wamepeleka salamu tu kwamba mama hajambo. Ndani ya nyumba walikuwa wawili, na mazungumzo yao yote yalikuwa ya sahani: imeisha, haijaisha, hili chungu, hili tamu.

Mara moja, siku ya Krismasi, baada ya misa, Walburga alijaribu. "Baba Jane, Dar tutakwenda lini?"

"Dar ya nini tena?" Pankrasi alikuwa anakata papai. "Kule wanakata watu. Huyu Nasma kasoma, cheti chake kiko ukutani ofisini, nimekiona kwa macho yangu. Kasema inazuilika. Tuizuie kwanza. Ikigoma, ndipo Dar."

"Na daktari?"

"Daktari alikataza matunda?"

Hakukataza, ni kweli. Walburga akachukua pande la papai. Tena Dar ilikuwa nauli, na kulala, na huko hospitalini siku hizi kuna kuchangia gharama, mambo mapya haya, na masuku ya msituni hayana mwenyewe. Yote hayo yalikuwa kichwani mwa Pankrasi, lakini yalikaa chini, na juu yake akaliweka neno la Nasma kama mtu anavyoweka mkeka juu ya sakafu mbovu.

Uvimbe nao haukujua habari za semina. Ulikua. Mvua za masika zilipofika, Walburga alikuwa ameacha kuvaa blauzi za kubana, na akiteka maji alibeba ndoo kwa mkono wa kulia tu.

*

Ng'ambo ya ua wa michongoma alikaa Zabibu, mke wa afisa misitu, Mnyamwezi wa Tabora mwenye kicheko cha kusikika mpaka sokoni. Wangoni na Wanyamwezi ni watani. Babu zao walipigana vita vikali, na wajukuu wakarithi haki ya kutukanana bila mtu kununa. Mtani anaweza kukuchukulia kuku, akakuambia u mbaya wa sura, akaja kwenye msiba wako akaigiza ulivyokuwa unatembea. Hakasirikiwi. Tangu Zabibu na mumewe wahamie Bombambili, yeye na Walburga walikuwa hawajawahi kuamkiana kama watu wa kawaida.

"Wee Mngoni! Hujafa tu?"

"Nikifa nani atakubebesha mizigo, mpagazi wee?"

"Haya, mla panya. Naona siku hizi umegeuka popo. Asubuhi matunda, jioni matunda. Usiku si utaning'inia mtini?"

"Nitaning'inia juu ya paa lako, ninye humo!"

Wakacheka wote wawili, kila mmoja upande wake wa ua. Hicho ndicho kilichokuwa kicheko pekee cha Walburga kwa kutwa nzima, naye alikingojea kila asubuhi, akaanza kufagia uwanja mapema ili asikikose.

Basi siku moja Walburga alikuwa anaanika nguo. Alinyoosha mikono kwenye kamba, khanga ikaponyoka, na blauzi aliyoivaa ilikuwa imechakaa. Zabibu alikuwa hapo uani na tusi lake tayari mdomoni. Akaona. Tusi likarudi tumboni. Walburga akaokota khanga haraka, akajifunga, akajidai anakung'uta shuka.

Kesho yake asubuhi alifagia uwanja, akasubiri. Zabibu akatokea.

"Habari za asubuhi, mama Jane," alisema taratibu. "Umeamkaje, dada yangu?"

Walburga akabaki na ufagio mkononi. Alingoja tusi. Halikuja. Akajaribu kulichokoza mwenyewe: "Mpagazi, leo mgongo unauma nini?" Zabibu akatabasamu kwa adabu, akasema Mwenyezi Mungu amjalie afya, akaingia ndani. Jamani, kama kuna kitu kinachotisha duniani ni adabu ya mtani. Siku hiyo, si siku ya daktari, ndiyo siku Walburga alipojua anakufa.

Zabibu hakumtangaza, lakini habari ya ugonjwa Bombambili haina miguu na inafika. Akina mama wa jumuiya ya kanisani wakaanza kumwachia nafasi kubwa kwenye benchi. Kikombe alichonywea uji kwa mama katekista kikasuguliwa kwa majivu kabla hajafika mlangoni. Wengine waliamini unaambukiza, wengine waliogopa tu kuwa karibu na mtu ambaye hawajui wamwambie nini. Wakati huo mapera yalikuwa yamezidi ndani, Pankrasi alikuwa analeta magunia. Walburga akajaza kapu, akawapelekea wanajumuiya. Walipokea kwa mikono miwili, wakashukuru sana, wakamwombea. Kesho yake alipokwenda kumwaga taka aliyakuta jalalani, mazima, hata moja halijaumwa.

Alikuwa mpweke, jamani, mpweke kabisa. Usiku Pankrasi aligeukia ukutani akidhani kumwangalia mkewe ni kumwaibisha. Walburga naye aligeukia ukuta wa pili. Mkono ulimwuma mpaka vidoleni na hapakuwa na mtu wa kumwambia unauma.

*

Zabibu alivumilia adabu yake mpaka ikamshinda. Jumamosi moja alasiri, watu wakiwa wamepumzika barazani, alitoka kwake amejifunga khanga kiunoni, amebeba sufuria kubwa kichwani, amejipaka majivu usoni, analia njia nzima.

"Uuuwi! Mngoni wangu amekufa! Uuuwi, mla panya wangu!"

Majirani wakatoka mbio. Pankrasi akachomoka ndani na sahani ya mapera mkononi. "Nani? Nani amekufa?"

"Mke wako, shemeji." Zabibu akatua sufuria katikati ya baraza na kuketi kwenye kiti cha Pankrasi. "Nimekuja kupika matanga. Kuni ziko wapi?"

"Mke wangu yuko hai! Yumo ndani!"

"Naona umeshaanza kumpelekea sadaka," alisema Zabibu, akiinyooshea sahani kidole. "Ya nini hiyo?"

Angekuwa mtu mwingine Pankrasi angemtoa mkuku. Lakini ni mtani, tena mbele ya watu, na mzee mzima anayemkasirikia mtani huchekwa mpaka kaburini. Akajibu kwa sauti ndogo, "Ni matunda. Yanazuia."

"Yanazuia nini?"

"Unajua yanazuia nini."

"Shemeji, nikuulize. Mwizi akishaingia ndani, kalala uvunguni mwa kitanda chako, wewe ukaenda kupiga komeo mlangoni. Umemzuia nani?"

Watu waliokuwa wanacheka wakaacha.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," aliendelea Zabibu, na sasa sauti ilikuwa si ya utani tena, majivu yalikuwa yanachuruzika na machozi. "Mimi nimeona kwa macho yangu. Mtaa mzima unajua. Ninyi wawili mnakula mapera. Nani kawaambia mapera yanatoa uvimbe?"

"Nasma. Yule wa lishe."

"Alikuambia hivyo? Kwamba yanatoa?"

Pankrasi akatazama sahani.

Mlangoni alikuwa amesimama Walburga. Alikuwa anacheka. Alimtazama Zabibu na majivu yake na sufuria lake, akacheka mpaka akashika kizingiti, kisha akashika kifua kwa sababu kicheko kilimwumiza. "Mpagazi wee," alisema, "matanga gani ya sufuria moja? Mimi mtu wa sufuria moja?"

Zabibu akainuka akamshika mikono. "Nisamehe, mla panya. Nilikunyamazia. Niliogopa."

"Ulinizika kabla ya siku zangu," Walburga akamwambia, na alimaanisha.

*

Jumatatu Pankrasi alikwenda ofisini kwa Nasma. Ilikuwa siku ya kupima watoto, akina mama wamejaa benchi mpaka nje. Nasma alimwona, akasimama kwa heshima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nina swali moja, binti. Lile la siku ya semina, sikulimaliza."

"Uliza tu."

Pankrasi akaangalia benchi. Akaangalia mizani ya watoto iliyoning'inia darini, kitu pekee mle ndani alichokifahamu. Kisha akasema, na kila mtu akasikia: "Mke wangu ana uvimbe kwenye titi. Alikuwa nao kabla ya semina yako. Nimemlisha matunda ya rangi kila siku kama ulivyosema. Uvimbe unakua. Nimekosea wapi? Nilimpa machache?"

Mama mmoja aliyekuwa anamnyonyesha mwanawe akafunika kifua chake kwa khanga, kama vile ugonjwa utaruka. Nasma alikaa chini. Alikuwa na umri wa kuwa binti yake, na uso ulikuwa umempauka.

"Baba, kinachozuiwa ni kile ambacho hakijaja. Tena hata hicho kinapungua tu, hakiondoki chote."

"Na kilichokwisha kuja?"

"Kilichokwisha kuja kinatibiwa hospitali. Matunda aendelee kula, ni chakula kizuri, yatampa nguvu. Lakini uvimbe hayautoi."

"Ulisema yanazuia."

"Nilisema, baba."

"Mimi nilijua kuzuia ni kuzuia," alisema Pankrasi. "Gari likija unalizuia, linasimama."

Nasma akamuuliza daktari alisema nini. Pankrasi akamwambia: Dar, mapema. Nasma akasema basi nendeni, baba yangu, nendeni wiki hii hii, akamsindikiza mpaka barabarani, na huko barabarani akalia. Miaka mingi baadaye bado alikuwa anafundisha habari za matunda, lakini hakusema tena kwa kifupi. Watu walilalamika kwamba semina zake zinachosha.

*

Pankrasi alisukuma baiskeli mpaka nyumbani, hakuipanda. Walburga alikuwa jikoni anachambua maharage kwenye ungo, mkono wa kushoto ameulaza mapajani.

"Sikuelewa," alisema Pankrasi, akiwa bado kasimama. "Kuzuia alikokusema yule binti siko nilikokusikia mimi. Nimekuua, Walburga."

Walburga alitoa jiwe kwenye maharage akalitupa. "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba matunda hayatoi kitu. Daktari alisema Dar. Nilimsikia kama ulivyomsikia wewe, masikio yangu ni mazima."

"Tangu lini ulijua?"

"Tangu sahani ya kwanza."

Pankrasi akakalia kinu kilicholazwa pale mlangoni. Alikuwa amejiandaa kulaumiwa, kupigiwa kelele, hata kufukuzwa. Hili hakuwa amejiandaa nalo. "Sasa mbona ulikula? Yote yale, mbona ulikula?"

"Ulikuwa unaamka," alisema Walburga.

"Ninaamka vipi?"

"Tangu walipofunga lile ghala ulikuwa unalala mpaka jua linaingia ndani. Husemi. Hunyoi ndevu. Nikawa nasema moyoni, huyu ananitangulia. Halafu likaja hili la matunda, nikasikia unatia upepo baiskeli unapiga mluzi. Ulikuwa hujapiga mluzi miaka. Ningekuambia nini? Acha?"

"Ungeniambia! Mungu wangu, Walburga, ungeniambia!"

"Niliogopa kukuvunja. Na kisu nilikiogopa, nisiseme uongo." Sauti yake ilianza kupanda. Ulikuwa ni moto wa miezi, na sasa ulipata upepo. "Lakini kila nilipomaliza sahani nilisema, leo ataniangalia. Leo ataniuliza, mke wangu, inauma? Hukuuliza hata siku moja, Pankrasi! Uliangalia sahani kama imeisha. Imeisha, unaenda zako unafurahi. Nimeumwa ndani ya nyumba hii kama mtu aliyepanga chumba. Zabibu, mtu wa Tabora, kanililia barabarani, na wewe uko hapo na kisu cha kukatia papai!"

Ungo ukamwinamia, maharage yakamwagika, na hakuna aliyeyaokota. Jirani fulani alikuwa amefungulia redio, inasoma bei za mazao. Pankrasi alikaa kwenye kinu ameshika magoti yake mpaka bei zote zikaisha.

"Inauma?" aliuliza.

"Inauma sana," alisema Walburga. "Mpaka vidoleni."

*

Baiskeli iliuzwa kwa mfanyabiashara wa mitumba, kwa bei ya mtu aliyeona muuzaji ana haraka. Zabibu aliongezea kilichopungua na kusema hilo ni deni, Wangoni ni wezi wa ng'ombe na yeye ataandama nyumba yao mpaka alipwe. Basi liliwachukua alfajiri, likawateremsha Makambako kubadilisha jingine, likawafikisha Dar wakiwa wamevimba miguu. Njiani kote Walburga alikaa dirishani, na walipozungumza walizungumza juu ya maumivu: sasa yako wapi, yamepungua, yamehamia begani. Yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote waliyokuwa nayo tangu mwaka uanze.

Hospitalini walingoja benchini na wanawake waliotoka kila pembe ya nchi, wengi wao peke yao, wameshika mifuko ya plastiki yenye sabuni na khanga. Daktari aliyewaita alikuwa kijana, macho mekundu ya kukosa usingizi. Aliwaamkia shikamoo wote wawili, akachukua kalamu.

"Mama, uvimbe huu uliugundua lini?"

"Mwezi uliopita, daktari," alisema Walburga, bila hata kupepesa, macho yake yakiwa ukutani.

Pankrasi akamgeukia. Akauelewa uongo ule mara moja. Ulikuwa ni sahani nyingine: mkewe alikuwa anakula tena kwa ajili yake. Angenyamaza tu, basi. Kijana huyu asingemtazama kama walivyomtazama wale akina mama wa benchi la Songea. Angeandika mwezi uliopita na kuendelea na mambo mengine.

"Si kweli," alisema Pankrasi. "Ni tangu kabla ya Krismasi. Tuliambiwa tuje mara moja. Mimi ndiye niliyemchelewesha."

Daktari aliinua macho. Hakugomba. Alikata alichokwisha kuandika, akaandika upya. "Umefanya vizuri kusema, baba. Ungeniacha na ile ya kwanza ningepanga matibabu yasiyo yake. Haya, wewe tungojee nje, nimpime mama."

Pankrasi akasimama na kofia yake. Alikuwa ameshafika mlangoni Walburga aliposema, "Mwache."

"Mama, utaratibu wetu..."

"Mwache akae, daktari. Nimeumwa peke yangu vya kutosha."

Daktari akatazamana na muuguzi, muuguzi akavuta pazia mpaka mwisho, nao watatu wakawa ndani yake pamoja na mgonjwa. Walburga akafungua vifungo vya blauzi kwa mkono wake mmoja mzima. Pankrasi hakuwa ameliona titi lile tangu siku daktari wa Songea alipoligusa. Sasa aliliona, na ngozi ilivyovutwa ndani, na mahali ilipoanza kupasuka, na kitambaa ambacho mkewe alikuwa akikifua na kukianika mwenyewe siku zote hizo bila yeye kujua. Akalia. Alilia kwa sauti, mzee mzima, mbele ya watoto wa watu, kofia ameikumbatia. Walburga hakumnyamazisha. Alikuwa amekingojea kilio hicho miezi, na kilipofika, naye akalia.

Daktari aliwaachia muda. Kisha akamwomba Walburga ainue mkono, akabonyeza kwapani, pole pole, akarudia tena.

"Imefika hapa," alisema. "Tutakata, halafu mionzi. Zaidi ya hapo siwezi kuwaahidi. Mmenielewa?"

"Inauma hapo unapobonyeza," Pankrasi alimwambia daktari. "Inamwuma mpaka vidoleni."

Walburga akamtazama mumewe. Akajifunika khanga, akamgeukia daktari.

"Tumekuelewa," alisema.